Peter Lalor: Mchimba dhahabu aliyepoteza mkono akipinga leseni

Mnamo Alhamisi, Novemba 30, 1854, Peter Lalor alikuwa chini ya ardhi, ndani ya shimo lenye kina cha futi 140, akijaza udongo ndooni. Juu yake, kando ya gogo la kuvutia kamba, alisimama mwenzake Timothy Hayes. Habari ikamfikia humo humo shimoni kwamba polisi walikuwa wameingia tena katika machimbo ya Ballarat kukagua leseni, na kwamba risasi zilikuwa zimefyatuliwa. Akapanda juu.

Kabla ya jua kutua alikuwa amekwisha kuwa kamanda wa waasi. Siku tatu baadaye risasi ikauvunja mkono wake wa kushoto karibu na bega, naye akawa mtu wa kuwindwa, serikali ikitoa zawadi ya paundi 200 kwa yeyote ambaye angefanikisha kukamatwa kwake. Na mwaka wa 1880 mtu huyo huyo, sasa mzee mwenye ndevu na mkono mmoja, aliketishwa katika kiti cha Spika wa Bunge la jimbo la Victoria, nchini Australia.

Maisha yake husimuliwa sana kama ya shujaa. Ni kweli alikuwa shujaa, ila ukiyachunguza kwa makini utaona hayakunyooka hivyo.

Lalor alizaliwa Februari 5, 1827, Tenakill, katika eneo ambalo siku hizi huitwa Laois nchini Ireland. Familia yao haikuwa ya kimaskini. Babake, Patrick Lalor, alikuwa na shamba kubwa, na kati ya 1832 na 1835 alikuwa mbunge jijini London. Hata hivyo alikuwa Mkatoliki katika nchi ambamo Wakatoliki walilazimishwa kulipa zaka ya kulihudumia kanisa la Kianglikana, kanisa wasilosali ndani yake. Mzee huyo alikataa kulipa. Kondoo wake walipokamatwa ili wauzwe kufidia zaka hiyo, majirani waligoma kuwanunua.

Kwa hiyo Peter alikulia katika nyumba ambamo kukataa kodi ya dhuluma halikuwa jambo geni. Kakake mkubwa, James Fintan Lalor, alikwenda mbali zaidi. Alikuwa miongoni mwa wanaharakati wa mwaka wa 1848 waliotaka ardhi ya Ireland irudishwe mikononi mwa wakulima wake, akatiwa kizuizini, na mwaka wa 1849 akafariki, afya yake ikiwa imedhoofika.

Hiyo ilikuwa miaka ya njaa kuu. Maradhi ya viazi yaliyoanza mwaka wa 1845 yaliwaua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli na kuondoka. Peter alikuwa amesoma katika chuo cha Carlow na kupata ujuzi wa uhandisi. Hakuonekana kuwa mtu wa siasa. Alikuwa mrefu, mtulivu, mwenye maneno machache. Mnamo Oktoba 1852 aliwasili Melbourne pamoja na nduguye Richard.

Walikuta mji uliopigwa na kichaa cha dhahabu. Madini hayo yalikuwa yamegunduliwa katika jimbo la Victoria mwaka wa 1851, na Agosti mwaka huo yakapatikana maeneo ya Ballarat, kilomita zipatazo 110 magharibi mwa Melbourne. Mabaharia waliziacha meli zikielea bandarini bila watu. Makarani, waashi, wachungaji wa kondoo na hata polisi waliacha kazi zao. Idadi ya wakazi wa jimbo hilo, iliyokuwa takriban 77,000 mwaka wa 1851, ilifika karibu 540,000 mwaka wa 1861.

Richard hatimaye alirejea Ireland, na yeye pia akaja kuwa mbunge. Peter alifanya kazi kwa muda katika ujenzi wa reli iliyotarajiwa kuunganisha Melbourne na Geelong, akajiingiza katika biashara ya mvinyo na vyakula, kisha mwaka wa 1853 akaelekea machimbo ya Ovens, kaskazini mashariki mwa jimbo. Mapema mwaka wa 1854 alihamia Ballarat na kupata sehemu ya kuchimba katika eneo lililoitwa Eureka.

Mahali hapo hapakuwa pori lisilo na wenyewe. Palikuwa nchi ya Wathaurong, wenyeji ambao ndio waliopapa jina Ballarat, linaloelezwa kuwa na maana ya mahali pa kupumzikia. Katika miaka michache tu mito yao iligeuka tope, miti ikakatwa, wanyama wakatoweka. Baadhi yao waliwauzia wachimbaji mablanketi ya ngozi za posamu, mnyama mdogo wa mtini, na ngozi hizo zilikuwa kinga bora dhidi ya baridi kuliko blanketi lolote la dukani. Katika ugomvi wote uliofuata kuhusu nani alikuwa na haki juu ya ardhi ile, hakuna aliyewauliza wao.

Maisha ya wachimbaji yalikuwa magumu kiasi ambacho walioachwa nyumbani Ulaya hawakuweza kukisia. Makazi yalikuwa mahema ya turubai au ya kaniki nyeupe, na vibanda vya magome ya miti. Wakati wa kipusa, magurudumu ya mikokoteni yalizama topeni na safari kutoka pwani ikawa ya siku nyingi, jambo lililopandisha bei ya unga na kila kitu kingine. Wakati wa kiangazi vumbi liliingia machoni na nzi wakajaa kwenye chakula. Chakula chenyewe kilikuwa nyama ya kondoo, mkate uliookwa kwenye majivu, na chai; kesho yake kondoo tena.

Maji ya kunywa yalitoka katika vijito vile vile vilivyotumika kuoshea udongo wa dhahabu na ambamo uchafu wa maelfu ya watu ulimiminika. Kuhara damu na homa ya matumbo vilikuwa wageni wa kila hema, na watoto wachanga ndio walioumia zaidi. Ndiyo, wanawake na watoto walikuwapo, tena kwa wingi kufikia mwaka wa 1854, tofauti na picha inayochorwa mara nyingi ya machimbo kuwa makao ya wanaume peke yao. Walipika, waliosha udongo, waliuza maduka na kuzalishana.

Dhahabu ya Ballarat nayo ilikuwa na hila zake. Ile ya juu juu, iliyookotwa kwa sepetu na karai, ilikwisha mapema. Iliyobaki ilikuwa imelala katika mikondo ya mito ya kale iliyofunikwa na udongo, mchanga na miamba, futi 100 hadi 160 kwenda chini. Ili kuifikia, wanaume walilazimika kuungana katika makundi, wakapokezana zamu usiku na mchana, miezi sita au hata tisa, kabla ya kujua kama chini kulikuwa na utajiri au kokoto tupu.

Maji yalibubujika ndani ya mashimo na yakatolewa ndoo kwa ndoo. Kuta ziliporomoka. Ili kuzizuia, wachimbaji walipasua magogo na kupanga mabanzi mazito kuanzia juu hadi chini. Hewa ilishushwa kwa matanga ya turubai yaliyonasa upepo na kuupeleka shimoni. Msomaji ayakumbuke mabanzi hayo, kwa maana yatarudi katika kisa hiki mara mbili.

Sasa mtu akiwa amezama humo, mwezi wa tano bila kuona hata chembe, serikali ilimdai shilingi 30 kila mwezi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ada ya leseni ilipoanza kutozwa Septemba 1851. Haikuhesabu umepata nini. Aliyeibuka na dhahabu ya mamia ya paundi alilipa shilingi 30, na aliyeambulia tope akalipa shilingi 30. Kwa mwaka ilikuwa paundi 18. Kwa kulinganisha, mabwana wa mifugo walioshika nchi kubwa ya malisho walikuwa wakilipa leseni ya paundi 10 kwa mwaka, na ndio waliokuwa na sauti serikalini. Mchimbaji hakuwa na kura wala nafasi rahisi ya kununua shamba.

Kilichochoma zaidi kilikuwa namna leseni hiyo ilivyokaguliwa. Mchimbaji alitakiwa kuwa nayo mwilini wakati wote. Karatasi ikiloa maji shimoni na kuharibika, au ikisahaulika hemani katika koti jingine, hilo halikuwa jambo la kujitetea nalo. Polisi, baadhi yao wakiwa watu waliowahi kuwa walinzi wa wafungwa katika kisiwa cha Tasmania, walikuja juu ya farasi, bayoneti mbele, wakawaita watu watoke mashimoni waonyeshe karatasi. Asiyekuwa nayo alitozwa faini ya paundi 5, na kwa kukosa mahabusu ya kutosha, waliokamatwa walifungwa minyororo kwenye miti na magogo. Wachimbaji walipowaona askari kwa mbali walipokezana ukelele wa Joe, jina la kejeli lililotokana na gavana Charles Joseph La Trobe, na wasio na leseni wakakimbilia vichakani. Wazee wetu waliovishwa kipande shingoni enzi za mkoloni hapa Kenya hawangehitaji kufafanuliwa hasira hiyo.

Gavana mpya, Charles Hotham, aliwasili Juni 1854. Alikuwa mwanajeshi wa majini, akakuta hazina ya serikali imekauka. Mnamo Septemba aliamuru ukaguzi wa leseni ufanywe mara mbili kwa juma.

Hapo ndipo moto ulipokutana na nyasi kavu. Usiku wa kuamkia Oktoba 7, mchimbaji kutoka Scotland, James Scobie, aliuawa karibu na hoteli ya Eureka. Mwenye hoteli hiyo, James Bentley, alishukiwa, lakini mahakimu wa Ballarat, mmoja wao akijulikana kuwa na uhusiano wa karibu naye, walimwachilia. Oktoba 17 maelfu ya wachimbaji walikusanyika na hoteli ikateketezwa. Bentley alikuja kushtakiwa upya Melbourne na kufungwa kwa kuua bila kukusudia. Hata hivyo wanaume watatu walifungwa pia kwa kuchoma hoteli, na wachimbaji wakaona haki imegawanywa kwa mizani isiyo sawa.

Novemba 11 walianzisha chama cha kudai mageuzi, wakitaka uwakilishi bungeni na kukomeshwa kwa leseni. Wajumbe wao walimwendea Hotham kutaka wafungwa waachiliwe. Gavana aliudhika kwamba walidai badala ya kuomba. Akaongeza wanajeshi.

Hadi wakati huo Lalor hakuwa amesimama jukwaani. Novemba 29, katika mkutano wa hadhara kwenye kilima cha Bakery Hill uliohudhuriwa na watu zaidi ya 10,000, ndipo alipozungumza mbele ya umati kwa mara ya kwanza, tena juu ya jambo la utaratibu tu: kuitishwa kwa kikao cha kuchagua kamati. Siku hiyo bendera mpya ilipandishwa, ya samawati yenye msalaba mweupe na nyota tano, bila alama yoyote ya Uingereza. Leseni zilitupwa motoni.

Serikali ilijibu kesho yake asubuhi kwa kufanya ukaguzi mwingine wa leseni, na huo ndio uliomtoa Lalor shimoni. Viongozi waliozoea kuhutubu hawakuonekana. Umati ulikuwa umejaa Bakery Hill, umechafukwa, bila wa kuuongoza. Lalor alipanda juu ya kisiki, bunduki mkononi, akawataka waliokuwa tayari kujilinda wajipange safu. Kisha akapiga goti chini ya bendera na mamia wakaapa pamoja naye kwamba wangesimama bega kwa bega kutetea haki na uhuru wao. Alipochaguliwa kamanda alikiri kuwa hakujua lolote juu ya mambo ya vita.

Hakuwa akisema hivyo kwa unyenyekevu tu. Katika siku mbili zilizofuata wachimbaji walijenga boma Eureka, likizunguka eneo la takriban ekari moja. Walilijenga kwa mabanzi, yale yale ya kuzuilia kuta za mashimo, yakichanganywa na mikokoteni iliyopinduliwa. Lilikuwa ua wa kuwazuia polisi wa farasi, halikuwa ngome ya kukabili jeshi. Ndani mlikuwa na Waairishi wengi, na pia Waingereza, Wajerumani, Wamarekani, Waitaliano na Wakanada. Muhunzi mmoja aliwafulia mikuki wale wasio na bunduki.

Jumamosi, Desemba 2, walikuwamo kiasi cha watu 1,500 wakiingia na kutoka. Ilipofika usiku wengi walikwenda mahemani kulala, wakiamini kwamba hakuna askari wa Malkia ambaye angeshambulia siku ya Jumapili. Kundi kubwa la Wamarekani lilikuwa limetumwa barabarani kuviziana na askari wa nyongeza. Inasemekana pia kwamba neno la siri alilolichagua Lalor usiku huo, Vinegar Hill, liliwafanya baadhi ya watu wasio Waairishi waondoke. Hilo lilikuwa jina la kilima ambapo waasi wa Ireland walipigwa na Waingereza mwaka wa 1798. Neno moja likageuza ugomvi wa leseni kuwa ugomvi wa Ireland, na hapo, kwa maoni ya mwandishi huyu, kamanda alikosea vibaya. Waliobaki bomani hawakuzidi sana 150.

Wapelelezi wa serikali waliona yote hayo. Kabla ya mapambazuko ya Jumapili, Desemba 3, wanajeshi na polisi 276 walisogea kimya kimya. Mapigano yalichukua takriban robo saa. Lalor alikuwa amesimama wima akiwaelekeza watu wake alipopigwa risasi begani. Wenzake walimlaza ardhini na kumfunika kwa mabanzi, na askari walioingia kwa bayoneti wakapita karibu naye bila kumwona, ingawa damu yake ilikuwa ikichuruzika.

Wachimbaji wasiopungua 22 walikufa, baadhi yao wakiwa wameuawa baada ya kuacha kupigana. Upande wa serikali walikufa wanajeshi wapatao sita, akiwamo Kapteni Wise. Mahema ya jirani yalitiwa moto, na zaidi ya watu 100 wakakamatwa, akiwamo Timothy Hayes, yule mwenzake wa shimoni.

Askari walipoondoka, Lalor alitolewa chini ya mabanzi, akapandishwa farasi na kufichwa msituni. Baadaye alirudishwa kwa siri hadi nyumba ya padri wa Kikatoliki, Patrick Smyth, na humo madaktari wakamkata mkono. Inasimuliwa kwamba Anastasia Hayes, mkewe Timothy, alikuwapo akiwasaidia, mumewe akiwa tayari mikononi mwa polisi.

Tangazo la zawadi lilibandikwa kila mahali. Ballarat nzima ilijaa watu waliojua alikofichwa, watu wasio na shilingi mfukoni, na paundi 200 zilikuwa mali ya miaka kadhaa ya jasho. Hakuna aliyemuuza. Alipopata nafuu kidogo alisafirishwa kwa mkokoteni hadi Geelong, kwa mchumba wake Alicia Dunne, mwalimu wa shule, aliyemuuguza mafichoni. Walifunga ndoa Julai 10, 1855.

Kufikia wakati huo mambo yalikuwa yamegeuka. Wanaume 13 walishtakiwa Melbourne kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo. Wa kwanza kusimama kizimbani alikuwa John Joseph, Mmarekani mweusi. Wananchi walioketi kuamua kesi hawakuchukua muda mrefu kumwona hana hatia, na umati ukambeba juu ya kiti mitaani. Wengine wote waliachiliwa vivyo hivyo. Zawadi ya kumkamata Lalor ikakosa maana, ikafutwa. Mnamo Aprili 1855 alikuwa amechapisha magazetini maelezo yake ya kilichotokea, pamoja na orodha ya waliokufa na waliojeruhiwa.

Tume iliyochunguza hali ya machimbo ilipendekeza leseni ifutwe. Mahali pake ikaja hati ya mchimbaji ya paundi 1 kwa mwaka, iliyompa mwenye kuwa nayo haki ya kuchimba na haki ya kupiga kura. Dhahabu yenyewe ikatozwa ushuru inaposafirishwa nje, kwa hiyo aliyepata ndiye aliyelipa. Ni jambo lililokuwa linawezekana tangu mwanzo, bila kumwaga tone la damu.

Tume hiyo hiyo, hata hivyo, ilipendekeza Wachina wazuiwe. Sheria ya mwaka wa 1855 iliweka kodi ya paundi 10 kwa kila Mchina aliyeshuka melini Victoria. Wengi waliikwepa kwa kushukia Robe, katika jimbo jirani la Australia Kusini, kisha wakatembea zaidi ya kilomita 400 hadi machimboni. Mchimbaji mzungu alivuliwa mzigo, na mwenzake wa China akatwikwa mwingine papo hapo.

Novemba 1855 wakazi wa Ballarat walimtuma Lalor katika Baraza la Kutunga Sheria bila kupingwa. Wapigakura wake walidhani wanamjua. Mwaka uliofuata aliwashangaza. Sheria ya uchaguzi ilipojadiliwa, aliunga mkono utaratibu uliowaruhusu wenye mali katika maeneo mbalimbali kupiga kura zaidi ya moja. Ballarat ilifoka. Mikutano iliitishwa, akatakiwa ajiuzulu. Alijibu kwamba hakuwahi kuwa mwanamapinduzi wa kutaka jamhuri. Kwamba alipigana dhidi ya udhalimu na angepigana tena, lakini hakuahidi zaidi ya hilo.

Ukifikiri vizuri, alikuwa akisema kweli. Mwana wa mwenye shamba wa Tenakill alichukia kodi isiyo ya haki na askari asiye na adabu. Hakuchukia mali. Wachimbaji ndio waliomvisha vazi kubwa kuliko aliloshona mwenyewe. Tangu hapo hakutegemea tena kura za Ballarat. Mnamo 1859 alihamia eneo la South Grant, na isipokuwa kati ya 1871 na 1874, alibaki mbunge hadi kufa kwake.

Jambo gumu kulitetea lilitokea mwaka wa 1873. Zama za makundi ya marafiki wanne na kamba yao zilikuwa zimekwisha. Dhahabu ilichimbwa sasa ndani ya miamba kwa mashine za mvuke, na wachimbaji walikuwa vibarua wa kampuni zilizomilikiwa na wenye hisa. Lalor alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa mgodi wa Lothair, mjini Clunes, kaskazini mwa Ballarat. Wafanyakazi waligoma kwa kulazimishwa zamu za mwisho wa juma. Wakurugenzi, Lalor akiwamo, waliamua kuwaleta vibarua Wachina kwa malipo ya chini ili kuvunja mgomo.

Desemba 9, 1873, mikokoteni ya abiria iliyojaa Wachina, ikilindwa na polisi, iliikaribia Clunes. Wakazi, wanaume kwa wanawake, walikuwa wameziba barabara. Walijikinga nyuma ya kizuizi chao na kurusha mawe hadi msafara ukageuza njia. Ilikuwa imetimia miaka 19 na siku sita tangu asubuhi ya Eureka, na kiongozi wa lile boma alikuwa sasa upande wa walioletewa polisi kuwasaidia. Wachina nao, waliojikuta katikati ya mawe kwa ajili ya ujira duni, walirejea walikotoka wakiwa wamejeruhiwa, na jina baya likabaki kwao.

Wapo wanaomwita msaliti kwa tendo hilo. Wapo wanaolipita kimya wanaposimulia sifa zake. Pengine ni vyema kuliacha lilivyo: mtu aliyewahi kusimama chini ya shimo futi 140, akijua uzito wa ndoo ya udongo, aliketi mezani na kupiga hesabu ya jasho la wengine kama mwajiri mwingine yeyote.

Bungeni alikua mtu wa kuheshimiwa. Alisimamia Idara ya Forodha mwaka wa 1875 na tena kuanzia 1877 katika serikali ya Graham Berry. Mwaka wa 1880 akawa Spika, na hata wapinzani wake walikubali kwamba aliendesha vikao kwa haki na kwa mkono, huo mmoja, usiotetereka. Inaelezwa kwamba alikataa kupewa cheo cha heshima na Malkia, cheo ambacho maspika wengi walikipokea kwa furaha.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya majonzi. Binti yake, Annie, alimtangulia. Mkewe Alicia alifariki Mei 1887. Alijiuzulu uspika mwaka huo akiwa mgonjwa, na Bunge likampa paundi 4,000 kwa utumishi wake. Alifariki Februari 9, 1889, katika nyumba ya mwanawe daktari, Joseph, huko Richmond, Melbourne, siku nne baada ya kutimiza miaka 62.

Mjukuu wake, Kapteni Joseph Peter Lalor, alikufa Aprili 25, 1915, siku ya kwanza ya mapigano ya Gallipoli nchini Uturuki, akipigana chini ya bendera ile ile ya Uingereza ambayo babu yake aliikabili Eureka. Bendera ya samawati ya wachimbaji, iliyoshushwa na polisi siku ya vita na kukatwakatwa vipande na watu waliotaka kumbukumbu, ingalipo Ballarat, ikiwa na matundu yake.

Sanamu ya Lalor nayo ipo katika barabara kuu ya mji huo, Sturt Street, tangu mwaka wa 1893. Aliyeifinyanga hakumwonyesha akiwa na bunduki juu ya kisiki, wala na sururu. Amevaa joho la Spika.